Namna ya kusawazisha sauti inayopanda na kushuka katika rekodi za nyumbani

Miongoni mwa Waswahili waishio Muscat, Dubai, London na Toronto, ipo kazi ambayo familia nyingi huiahirisha mwaka hadi mwaka, nayo ni kurekodi sauti za wazee wao. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati wa mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 sasa amevuka miaka 80. Wengi waliohamia Oman, hususan baada ya Sultan Qaboos bin Said kushika madaraka mwaka 1970, wamebeba kumbukumbu za mitaa, za safari za majahazi na za jamaa waliotawanyika, ambazo hazikuandikwa popote.

Vifaa si kikwazo tena. Kompyuta ya kawaida na maikrofoni ya bei nafuu hutosha. Hata hivyo, wanaojaribu kazi hiyo hukumbana na tatizo lile lile, kwamba sauti haiko sawa. Mjukuu anayeuliza maswali husikika kama anayenadi bidhaa sokoni, bibi anayejibu husikika kama yuko chumba cha pili, na akicheka, spika hukwaruza. Anayesikiliza hulazimika kukaa na kidole kwenye kitufe cha sauti, akipandisha na kushusha, na baada ya robo saa huchoka akazima.

Wengi hudhani dawa imo ndani ya programu ya kuhariri sauti. Kwa kiasi fulani imo. Lakini sehemu kubwa ya tatizo hilo huamuliwa kabla mtu wa kwanza hajafungua kinywa.

Umbali kutoka kinywani

Sauti hupungua nguvu haraka kadiri inavyosafiri. Mahali pa wazi, umbali kati ya kinywa na maikrofoni ukiongezeka maradufu, kiwango cha sauti hushuka kwa desibeli 6. Chumbani kuta hurudisha sehemu ya sauti, hivyo kushuka huwa kudogo zaidi, lakini kanuni ni ile ile. Mjukuu aliyekaa sentimita 20 kutoka kwenye maikrofoni na bibi aliyekaa sentimita 80 hutofautiana kwa takriban desibeli 12, hata kama wote wawili wanazungumza kwa nguvu sawa. Na mara nyingi nguvu si sawa, kwani aliye karibu ni kijana mwenye mapafu mazima, na aliye mbali ni mzee mwenye sauti ya chini.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji kompyuta wala fedha. Maikrofoni isogezwe kwa mzee. Anayeuliza maswali akae mbali kidogo, na si lazima sauti yake iwe nzuri, kwani hakuna atakayeitafuta rekodi hiyo miaka 30 ijayo kwa ajili ya maswali. Si adabu, wala haisaidii, kumwambia mzee ainame kwenye meza au apaze sauti. Ataitikia kwa sentensi mbili, kisha atasahau na kurejea alivyozoea, na hapo kutoka sentensi ya tatu sauti itakuwa imeshuka.

Ukaribu nao una gharama yake. Mtu aliye sentimita 15 kutoka kwenye maikrofoni akirudi nyuma sentimita 10 tu, sauti yake hupungua kwa zaidi ya desibeli 4. Aliye sentimita 60 akirudi nyuma kiasi hicho hicho, hupoteza desibeli moja na kitu. Maana yake ni kwamba maikrofoni iliyo karibu mno hukuza kila mtikisiko wa mwili, na iliyo mbali mno hukusanya mwangwi wa chumba na mngurumo wa friji. Kwa mazungumzo ya kukaa kitako, umbali wa kati ya sentimita 25 na 30 hufaa watu wengi.

Njia iliyo bora zaidi ni maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, kwa sababu humfuata mtu popote anapogeuka na umbali haubadiliki sana. Kwenye kanzu hubanwa karibu na shingo. Kwa bibi aliyejifunga mtandio au kanga, ibanwe juu ya kitambaa na si chini yake, mbali na mkufu, vinginevyo rekodi nzima itajaa mchakacho wa nguo. Vifaa vikiruhusu, kila mtu awe na maikrofoni yake na kila sauti iandikwe kwenye njia yake peke yake. Aliyefanya hivyo amekwisha kumaliza nusu ya kazi ya kuhariri, maana anaweza kumpandisha mmoja bila kumgusa mwingine.

Jambo jingine dogo linalosahauliwa ni mahali wanapokaa wageni. Mzee akizungumza humtazama anayemsikiliza. Ikiwa binti yake amekaa upande wa kushoto na jirani upande wa kulia, kichwa kitageuka huku na huku, na sauti itapanda na kushuka pamoja nacho. Wote wakae nyuma ya maikrofoni, mbele ya mzee.

Dari la kompyuta

Kompyuta huandika sauti kwa tarakimu, na tarakimu hizo zina dari. Katika rekodi ya biti 16, ambayo ndiyo ya diski za CD, kuna ngazi 65,536 za kuelezea ukubwa wa wimbi la sauti, na juu ya ngazi ya mwisho hakuna kitu. Dari hilo huitwa sifuri, na viwango vyote huhesabiwa chini yake kwa alama ya kutoa. Wimbi likipita dari, kilele chake hukatwa kikawa bapa, na sikio husikia mkwaruzo ambao watu huuita sauti kupasuka. Kilichokatwa hakikuandikwa mahali popote. Zipo programu zinazojaribu kukisia umbo la kilele kilichopotea, na kwa mkato mdogo hufanikiwa kiasi, lakini kicheko kilichopasuka kwa sekunde 3 hakirejei.

Sauti iliyorekodiwa chini mno, kwa upande mwingine, huweza kupandishwa baadaye. Ndiyo sababu kosa la kurekodi chini ni jepesi kuliko kosa la kurekodi juu. Ushauri wa zamani uliotaka mshale wa kipimo ukaribie sehemu nyekundu kila wakati ulikuwa na maana katika enzi za kanda, ambapo sauti dogo ilimezwa na mvumo wa kanda yenyewe. Bado unarudiwa hadi leo, ingawa kwa kompyuta umepitwa na wakati. Kifaa kikiweza kuandika kwa biti 24, ambazo hutoa ngazi zaidi ya milioni 16, inatosha vilele vya mazungumzo ya kawaida vifike kati ya -18 na -12, na kicheko kikipanda hadi -6 bado pana nafasi. Vinasa sauti vya miaka ya karibuni vinavyotumia biti 32 za aina ya pekee hupunguza hofu hiyo kabisa, ingawa maikrofoni yenyewe nayo ina kikomo chake.

Kiwango hicho hupangwaje? Kosa la kawaida ni kumwomba mzee ahesabu moja, mbili, tatu. Mtu anayehesabu hutoa sauti isiyo yake. Hapa Kiswahili kina bahati, kwa sababu salamu zake ni ndefu. Kuulizana hali, habari za nyumbani, za watoto, za afya na za usingizi huchukua dakika nzima au zaidi, na ndani yake mna sauti ya kawaida, mna kicheko, mna na kuguna. Anayeendesha kompyuta atazame kipimo wakati wa salamu, apange kiwango, kisha asikiguse tena.

Mkono usioonekana

Kuna chanzo kingine cha sauti isiyotulia ambacho wengi hawakijui. Kompyuta nyingi, na karibu programu zote za kupigiana simu kwa intaneti, zina mfumo wa kurekebisha sauti wenyewe bila kuulizwa. Mfumo huo husikiliza na kujipandisha pale sauti inaposhuka, na kujishusha pale inapopanda. Katika simu una faida. Katika rekodi ya mzee una madhara, kwa sababu wazee hunyamaza wakikumbuka. Bibi akitua kwa sekunde 5 kutafuta jina la mtaa, mfumo hudhani sauti imepotea, hupandisha kila kitu, na mlio wa kiyoyozi huja juu kama wimbi la bahari. Akisema neno la kwanza, hutoka kwa kishindo. Kisha mfumo hushtuka na kumshusha.

Mfumo huo uzimwe katika mipangilio ya sauti ya kompyuta au ya programu. Hapo hapo pachunguzwe nyongeza ya nguvu za maikrofoni, ambayo katika kompyuta nyingi zenye Windows hupanda kwa ngazi za desibeli 10, 20 na 30. Mara nyingi nyongeza hiyo ndiyo inayopasua sauti, hata kama kitufe kikuu kimeshushwa.

Mahojiano yakifanyika kati ya nchi mbili, kwa mfano mjukuu akiwa Birmingham na babu akiwa Mombasa, kurekodi simu yenyewe huleta sauti iliyokwisha kubanwa na kukatikakatika. Ni afadhali mtu aliye pamoja na babu aweke simu nyingine au kinasa sauti mbele yake kirekodi hapo hapo, kisha faili litumwe baadaye na kuunganishwa na upande wa pili.

Baada ya kurekodi

Programu ya Audacity, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, hupatikana bila malipo na inatosha kwa kazi hii. Wanaoanza hukimbilia amri ya kusawazisha vilele, ambayo hupandisha rekodi nzima mpaka kilele kikubwa kuliko vyote kifike kiwango kilichochaguliwa. Amri hiyo haisawazishi chochote kati ya msemaji na msemaji. Kikohozi kimoja kikubwa kikiwa kimekaribia dari, rekodi nzima itabaki pale ilipo.

Linalofaa kuanza nalo ni kazi ya mkono, yaani kupitia rekodi sehemu kwa sehemu, kumpandisha bibi, kumshusha mjukuu, na kupunguza vikohozi na vishindo vya vikombe. Ni kazi ya kuchosha, na saa moja ya mazungumzo huweza kula jioni nzima. Baada ya hapo ndipo itumike kompresa. Jina hilo huwapotosha watu, wakadhani hupandisha sauti ndogo. Kwa kawaida hushusha zile kubwa. Ikipangwa kwa uwiano wa tatu kwa moja, sauti iliyovuka mpaka kwa desibeli 12 hutoka ikiwa imeuvuka kwa desibeli 4 tu. Tofauti ikishapungua, rekodi nzima hupandishwa pamoja. Ikizidishwa, mazungumzo hupoteza uhai, na mnong'ono wa siri husikika sawa na mwito wa adhana.

Ikumbukwe pia kwamba sauti ikipandishwa kwa desibeli 12, kiyoyozi kilichokuwa nyuma yake hupanda kwa desibeli 12 vile vile. Kukizima kiyoyozi Muscat mwezi Julai si jambo la mzaha, hasa kwa mtu wa miaka 80. Lililo rahisi ni kurekodi kwa vipande vya dakika 15, na kukiwasha kila baada ya kipande.

Kwa anayetaka kujua wenye redio hufanyaje, jumuiya ya watangazaji wa Ulaya ilikubaliana mwaka 2010 juu ya kipimo kinachohesabu namna sikio linavyohisi ukubwa wa sauti, badala ya kuhesabu vilele peke yake. Kipimo hicho huitwa LUFS, na kiwango kilichowekwa ni -23. Audacity nayo ina amri ya kupima kwa njia hiyo, na huwafaa wenye rekodi nyingi wanaotaka zote zisikike kwa ukubwa mmoja.

Kaseti za zamani

Baadhi ya familia zina hazina nyingine kabatini, yaani barua za sauti ambazo jamaa walitumiana kwa kaseti kabla ya simu kuwa rahisi. Hizo nazo zahitaji kuhamishiwa kwenye kompyuta, na kosa kubwa hapa ni kuchomeka waya wa redio kaseti kwenye tundu la maikrofoni. Tundu hilo limetengenezwa kupokea umeme wa milivolti chache, ilhali redio kaseti hutoa mara nyingi zaidi ya hapo, na matokeo ni sauti iliyopasuka tangu mwanzo hadi mwisho. Kompyuta nyingi ndogo za sasa hazina tundu jingine, hivyo hununuliwa kifaa kidogo cha USB chenye tundu la kupokea sauti kutoka kwenye redio.

Kabla ya kucheza kaseti, kichwa cha redio kisafishwe kwa kijiti cha pamba kilichochovywa kwenye spiriti, kwa sababu uchafu wake peke yake hutosha kuifanya sauti ififie na kurudi. Kaseti ipelekwe mbele hadi mwisho na kurudishwa nyuma mara moja, ili kanda iliyokaa miaka mingi ilegee. Faili la kwanza linalotoka lihifadhiwe kama lilivyo, kwa umbo la WAV, kwenye diski mbili tofauti, na marekebisho yote ya sauti yafanywe kwenye nakala.