Magitaa Makali ya Milima ya Chai

Mwaka jana mwenzetu mmoja aliandika katika gazeti hili juu ya taarabu, akasifiwa kweli kweli, nami nilikuwa miongoni mwa waliompigia makofi. Mwaka huu kurasa hizi nimepewa mimi, na ninataka kuzungumza juu ya gitaa. Si gitaa la kubembeleza watoto walale. Ninasema gitaa la umeme, kali, linalokwaruza sikio kidogo kabla halijalifurahisha.

Hapa shuleni wapenzi wa roki ni wengi. Kila muhula ukifunguliwa, lazima atokee mtu akijigamba ati amegundua bendi ya Seattle au ya Manchester ambayo hakuna mwingine aijuaye. Wachache wanaojua ya nyumbani watakutajia Parking Lot Grass na Murfy's fLaw za Nairobi. Sina ugomvi nao hata kidogo, kwa maana mimi mwenyewe fulana ya Nirvana ninayo. Lakini hebu nikuulize, msomaji: unachokitafuta huko mbali ni nini hasa? Ukiniambia ni magitaa mabichi, bendi ndogo isiyojulikana, na sauti ya watu waliorekodi kwa haraka kabla pesa hazijaisha, basi nitakuambia hayo yote yalifanyika hapa Kericho mjini, na santuri zake zinaoza darini huko Litein, Sotik, Longisa na pengine nyumbani kwenu.

Tuanze na jambo linaloshangaza. Mwaka 1950 Mwingereza mmoja aliyeitwa Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine za kunasa sauti, alifika Kapkatet. Huko alirekodi wasichana wa Kipsigis pamoja na Chemutoi Ketienya wakiimba wimbo uitwao "Chemirocha". Kumbe Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, Mmarekani wa Mississippi aliyeimba na gitaa na ambaye alifariki mwaka 1933! Santuri zake zilikuwa zimefika huku na gramafoni za Wazungu, watu wakazisikia, na jina likageuzwa likakaa vizuri mdomoni. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana wale walimwimba kama kiumbe nusu mtu nusu paa. Sasa sikiliza: mwaka 1986, kule Marekani, Rodgers huyo huyo aliingizwa katika jumba la kuwaenzi mabingwa wa roki, akihesabiwa miongoni mwa waliowatangulia na kuwafungulia njia. Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba roki na muziki wa Kipsigis havina undugu, mwambie babu mmoja wanaye. Katikati ya miaka ya 2010 nakala za nyimbo hizo zilirudishwa Kapkatet kutoka maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey kule Afrika Kusini.

Chemirocha ya 1950 ilipigwa kwa kinubi chetu, chepkong. Gitaa lilikuja kushika baadaye, na mashamba ya chai yalisaidia sana. Fikiria kambi moja ya wachuma chai: Mkipsigis, Mjaluo, Mkisii na Mluhya wanaishi mlango kwa mlango, mmoja ana redio, mwingine ana gitaa, na mshahara umetoka. Benga ya Wajaluo, ambayo gitaa lake linaiga nyatiti, ikapanda mlima. Wakipsigis wakaisikia kwa masikio yaliyozoea chepkong, wakaifanya yao. Aliyevuma kuliko wote ni Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et. Alifariki mwaka 2007 na jina lake bado linatajwa katika matanga na harusi. Yeye mchukulie kama mlango tu, kwa sababu nyuma yake kuna bendi nyingi ambazo zilitoa santuri chache kisha zikanyamaza.

Zilizitolea wapi? Hapo ndipo Kericho inapojipatia sifa. Mjini hapa palikuwa na kampuni ya familia ya Chandarana iliyorekodi bendi za Kipsigis, za Kijaluo, za Kisii na za Kiluhya. Bendi ya kijijini haikuhitaji kwenda kubembeleza watu wa Nairobi. Iliabiri matatu asubuhi na magitaa yake.

Ubichi wa sauti ile una sababu zake. Mara nyingi bendi ilipiga yote kwa pamoja, mwimbaji, magitaa na ngoma, na ukikosea kidogo kosa linabaki humo humo milele. Vyombo navyo havikuwa vya kifahari. Uzi wa gitaa ukikatika, waya wa breki ya baiskeli ulitosha. Halafu kuna santuri yenyewe: ile ndogo ya inchi 7, inayozunguka mara 45 kwa dakika, haibebi zaidi ya dakika nne au tano kila upande. Ndiyo maana wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande A na ya pili upande B.

Mgeni wa muziki huu husikiliza upande A pekee, akasema, "Aa, ni sawa tu." Upande A ni wa maneno: msichana aliyemkataa mtu, rafiki aliyefariki, deni. Geuza. Upande B mwimbaji anasema maneno mawili matatu kisha anawapisha wenye magitaa, na gitaa la kwanza linaanza kukimbia, la pili linalifuata kama mbwa anayemfuata mchungaji, nayo besi inagonga kama mtu anayepasua kuni. Kwa masikio yangu, bendi za Kipsigis zinapita hata za Kijaluo kwa ukavu. Hazipambi. Zinashika kifungu kifupi na kukirudia hadi miguu isalimu amri. (Wajaluo wa Kidato cha Tatu watanisamehe, au wasinisamehe.)

Sasa, kuzitafuta. Usidanganywe na majina. Neno "Jazz" katika jina la bendi ya Kenya, kama Shirati Jazz au Victoria Jazz, halina uhusiano na jazi ya Marekani. Lilimaanisha tu kwamba hawa watu ni wa kisasa na wana magitaa. Soma lebo yote. Mara nyingi utakuta jina la bendi, mtunzi, wakati mwingine lugha, na namba. Namba ndiyo siri. Ukiwa na santuri inayoishia 41 na jirani ana inayoishia 43, huenda 42 ilitoka wakati ule ule, na unaweza kuuliza watu kwa namba hata kama hujui bendi. Wageni wameshaamka: mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya London ilitoa mkusanyiko wa santuri za Kenya za miaka ya 1970 na 1980, ukiitwa Kenya Special. Ketebul Music ya Nairobi nayo ilitoa mwaka 2008 kazi yake ya kufuatilia historia ya benga. Zote mbili ni nzuri, ila haziwezi kufika kila dari.

Likizo ya Agosti nilikuwa nikipiga santuri moja ambayo lebo yake ilikuwa imeliwa na unyevu. Mzee mmoja wa kwetu, aliyestaafu kutoka mashamba ya chai, alikuwa anapita akasimama mlangoni.

"We kijana, hiyo umeitoa wapi?"

"Kwa mama mmoja wa sokoni, mzee. Alikuwa anafunikia mtungi."

Akakaa. Wimbo ulipofika upande B akainua kidole: "Huyo wa gitaa la pili ni mimi."

Alinieleza kwamba walikuwa wanne na amebaki peke yake. Hajawahi kuwa na nakala. Kwenye lebo aliandikwa kiongozi tu, na malipo yalikuwa ya siku ile ile, basi. Alipookoka aliliuza gitaa, kwa kuwa kanisani kwao gitaa lilihesabiwa pamoja na busaa, na watoto wake hawajui kwamba aliwahi kupiga. Alinitajia bendi, mwaka na majina yote, kisha akaniomba nisiyachapishe angali hai. Nimeyaandika katika daftari la chama, na hapa siyatoi. Lakini alinionyesha jambo moja kwa vidole juu ya meza: kile kifungu cha gitaa la pili alikitoa kwenye chepkong ya baba yake, uzi kwa uzi. Mwalimu wetu wa muziki amesikiliza na anakubali.

Kwa hivyo ukipata santuri usikimbilie kuipiga. Mvua ya kwetu haina msimu na ukungu hupenda karatasi za lebo. Osha kwa maji vuguvugu yenye sabuni kidogo, kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mistari, wala usiikate mistari hiyo katikati. Lebo isilowe. Isimamishe ikauke kivulini, mbali na jiko, maana joto huipinda kama chapati. Sindano butu ni shoka; inachimba kile unachotaka kusikia. Ukiinasa kwa simu au kompyuta, weka kwanza upande wote bila kukata mikwaruzo, na usiitie kwenye intaneti kabla ya kuuliza familia ya mtunzi.

Hadi sasa chama kina santuri 19. Saba ni za Kipsigis, na mbili kati ya hizo hatujui ni za nani. Tunakutana Alhamisi baada ya michezo katika chumba cha jiografia. Njoo na ulichonacho, hata kama kimevunjika ukingoni. Sindano mpya tunayo.