Raketi imekatika, nani alipe?

Juzi hapa Katesh raketi ya mpira wa vinyoya niliyoazima imenikatikia mkononi, pale kile chuma chembamba kinapoingia kwenye kichwa. Mwenyewe anadai nimepiga kwa nguvu mno, nilipe. Jamani, kinyoya chenyewe hakifiki hata gramu 6!

Kinachoua raketi ni kugongana mkicheza wawili wawili, au kuipiga chini kwa hasira. Chuma kikipinda kikanyooshwa mara nyingi kinachoka, kinapata ufa. Za kaboni nazo zinaficha ufa, halafu siku moja zinakatika kwa pigo dogo tu.

Nimechungulia pale ilipokatika: nusu ina kutu, nusu inang'aa. Penye kutu ni ufa wa siku nyingi, sio wangu. Nitalipa nusu. Nimemuonea?