Sauti ya Pili Ndani ya Matatu

Huenda umewahi kuwa ndani ya gari hili. Ni matatu ya abiria 14, imeshapita Naivasha, inaelekea Nakuru. Dereva analipita lori kwenye kona na kurudi upande wake basi la mbele likiwa limeshamkaribia. Mama mmoja anamkumbatia mwanawe kwa nguvu zaidi. Mzee wa kiti cha nyuma anaomba dua, midomo inacheza bila sauti. Kila aliyemo ameogopa, na hakuna anayesema neno.

Kimya hicho kimechunguzwa kisayansi, na matokeo yake yanamhusu kila anayepanda gari la abiria.

Wachumi hulieleza jambo hili kwa hesabu nyepesi. Abiria akimwambia dereva apunguze mwendo, faida wanaipata wote, lakini gharama anaibeba aliyesema. Makanga atamjibu mbele ya watu: "Kama unaogopa, nunua gari lako!" Wengine watacheka, au watageukia dirishani wakijifanya hawakusikia. Basi kila mmoja anamngoja mwenzake aanze, na mwenzake naye anangoja. Si kwamba watu hawajali maisha yao. Kila mmoja amepiga hesabu yake peke yake, na jumla ya hesabu zote ni kimya.

James Habyarimana na William Jack, wachumi wa Chuo Kikuu cha Georgetown nchini Marekani, walijaribu kuibadili hesabu hiyo nchini Kenya. Sheria zilikuwapo tayari. Tangu Februari 2004, kanuni zilizopewa jina la aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, ziliyataka magari ya abiria yawe na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Lakini polisi husimama mahali pamoja, gari likampita, na kidhibiti mwendo huchezewa. Jicho linalokuwamo garini safari nzima ni la abiria.

Watafiti walitumia stika. Walizibandika ndani ya matatu zaidi ya 1,000 za safari ndefu, zilizochaguliwa kwa nasibu, na kuyaacha magari mengine bila stika ili wapate cha kulinganisha. Maneno yake yaliwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha ovyo, na baadhi zilikuwa na picha za kutisha za majeraha. Ili madereva wasizibandue, kulikuwa na bahati nasibu ya kila wiki: gari likikutwa na stika zake, dereva aliweza kushinda fedha.

Ubora wa utafiti huu umo katika kipimo chake. Hawakutegemea maneno ya abiria kwamba wamebadilika, kwa kuwa mtu huweza kumwambia mtafiti anachopenda kusikia. Walihesabu madai yaliyofika kwenye kampuni za bima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Bila stika, takriban gari moja katika kila kumi lilikuwa na dai la bima kwa mwaka. Kwa magari yenye stika, madai yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili, na yale yaliyohusu majeruhi au vifo yalipungua kwa angalau nusu.

Jaribio dogo likifaulu, mtu makini hulirudia kwa upana. Watafiti walifanya hivyo kwa magari takriban 12,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Safari hii madai yalipungua kwa asilimia 25 hadi 33. Ni upungufu mdogo kuliko wa mara ya kwanza, lakini ni mkubwa mno kwa karatasi yenye gundi. Jambo jingine lilijitokeza: ujumbe uliowaita abiria kuchukua hatua kwa pamoja ulikuwa na nguvu ya pekee. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwendo wenyewe ulipungua kwa wastani wa kilomita moja hadi mbili tu kwa saa. Msomaji atauliza, kilomita mbili zinaokoa nani? Kanuni inayotumiwa na Shirika la Afya Duniani inasema kila asilimia moja inayoongezeka kwenye mwendo wa wastani huongeza hatari ya ajali ya kuua kwa takriban asilimia nne. Gari la kilomita 80 kwa saa hukata zaidi ya mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kuiona hatari na kukanyaga breki, mita 33 zimekwisha kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Kwa kilomita 100, ni karibu mita 42. Na nishati inayopaswa kumalizwa na breki, au na miili ya watu, huwa imeongezeka kwa zaidi ya nusu.

Stika haizibi mashimo wala haijengi kivuko cha wanafunzi. Haimwondolei dereva deni la fedha anazotakiwa kumpelekea mwenye gari kila jioni, na deni hilo ndilo linalomsukuma kukimbizana. Kazi hiyo ni ya wahandisi, wamiliki na serikali, na abiria asibebeshwe lawama yao.

Lakini turudi kwa makanga na jibu lake, "nunua gari lako." Wenye uwezo wamelitii. Wamekopa, wamenunua, na sasa mtu mmoja mmoja amekaa peke yake kwenye foleni ya asubuhi, moshi juu ya moshi. Tunapanga mabasi ya umeme na njia za mabasi ya mwendo kasi ili watu waache magari yao nyumbani. Hawatayaacha ikiwa gari la abiria ni mahali pa kupandia kwa dua. Usalama ndio nauli ya kwanza ya usafiri endelevu.

Kwa hiyo nina ombi moja, na si kwa jasiri wa kwanza, bali kwa wa pili. Siku wa kwanza atakaposema, "Dereva, tafadhali punguza mwendo," usitazame dirishani. Sema, "Hata mimi naomba." Mmoja hunyamazishwa kwa kejeli; wawili wakisema, wa tatu hupata pa kuanzia, na mzee wa kiti cha nyuma ataitoa dua yake kwa sauti.