Bukavu: fundi wa brashi anapokaa mbele ya kompyuta

Mjini Bukavu, kama vile Goma na Uvira, bado kuna kuta za maduka zilizochorwa kwa mkono: kichwa cha mwanamke aliyesukwa, chupa ya bia, mkasi wa kinyozi. Lakini mwenye duka jipya siku hizi anataka bashi iliyochapwa, tena anataka kuiona kwanza kwenye WhatsApp. Fundi wa brashi asiyejua kompyuta humpelekea mteja wake kijana wa nyumba ya kuchapa, na franga zinabaki huko.

Jambo la kushangaza ni kwamba mara nyingi kijana huyo hajui kuchora. Anachukua picha kwenye intaneti, anaongeza maandishi, basi. Anayejua kivuli kinaangukia wapi ni yule mwenye rangi kwenye vidole. Kinachomkosa ni chombo tu.

Wengi wanaanza vibaya. Wanaomba Photoshop ya wizi kwenye kle ya rafiki, na pamoja nayo wanapokea virusi. Hakuna haja. GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley, Marekani, inatolewa bure tangu 1996. Krita na Inkscape nazo ni za bure. Zote tatu zinaongea Kifaransa, na ukishazishusha mara moja unafanya kazi bila intaneti.

Kwa mtu wa mabango, ningesema aanze na Inkscape. Sababu ni hii. Krita na GIMP zinachora hasa kwa vidoti vidogo vya rangi. Picha yenye vidoti 1000 kwa upana, ukiichapa kwenye bashi ya mita 2, kila sentimita inapata vidoti 5 tu: mteja atahesabu miraba. Inkscape haiweki vidoti, inaweka hesabu ya mstari. Mchoro mmoja unatosha kwa kadi ya mfukoni na kwa ukuta mzima, bila kuharibika. Mistari hiyo iliyopinda inaitwa Bézier, kwa jina la injinia Mfaransa wa Renault aliyeitumia kuchora mabodi ya magari. Unaweka nukta, unavuta, mstari unajikunja.

Siku za kwanza mkono unakataa. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa kichwa cha mbuzi kwa ajili ya duka la nyama, na kila aliyeuona aliuliza kama ninauza viazi. Kosa langu lilikuwa kuweka nukta kila mahali, nikidhani nyingi ndizo bora. Duara inahitaji nne tu.

Kilichonisaidia ni karatasi. Chora kwa kalamu kama ulivyozoea, piga picha kwa simu, iweke ndani ya Inkscape kwenye tabaka la chini na ulifunge lisisogee. Kisha pitisha mistari juu yake kwenye tabaka lingine, kama vile mshonaji anavyofuata chaki. Kipanya kinatosha kwa kazi hiyo; kibao cha kuchorea chenye kalamu yake kinaweza kungoja mpaka kazi ikilipe. Na kila dakika chache bonyeza Ctrl na S. Umeme ukikatika hauulizi umefika wapi.

Rangi nayo ina ujanja wake. Kioo kinawaka, bashi haiwaki. Buluu kali uliyoipenda kwenye kioo inaweza kutoka imefifia. Omba kipande kidogo cha majaribio kabla ya kuchapa mita zote.

Tena, kabla ya kupeleka kazi kwa mchapaji, geuza herufi ziwe mistari. Usipofanya hivyo, na kompyuta yake haina aina ile ya herufi, itaweka nyingine, na jina la duka litatoka kama tangazo la msiba.

Mteja mpe PDF. Faili yenyewe ya SVG, ile inayoweza kubadilishwa, ibaki kwako, isipokuwa mmepatana bei yake. Mwaka kesho akibadilisha namba ya simu kwenye bashi, atarudi kubisha mlangoni kwako.