Behewa Lina Jina, Mtumishi Hana

Uraibu wa kutazama magari ya moshi huonekana kwa wengi wetu kuwa shughuli ya watu wasio na shughuli. Hata hivyo, nchini Marekani wapo watu wazima, wenye kazi na jamaa zao, wanaorauka alfajiri wakasimame kando ya reli na daftari mkononi. Aghalabu wanachokingojea si treni yenyewe bali mkia wake. Shirika la Amtrak, ambalo limeendesha treni za abiria za masafa marefu nchini humo tangu tarehe 1 Mei 1971, huwaruhusu watu wenye mabehewa yao binafsi kuyafungisha kwenye treni zake. Mwenye behewa hulipa kwa kila maili, na behewa lenyewe sharti likaguliwe kwanza, kwa kuwa mengi yao ni makongwe. Mwaka 2018 shirika hilo lilikaza masharti na kupunguza vituo ambako mabehewa hayo yanaweza kufungwa au kufunguliwa. Tangu hapo kuliona moja likipita kumekuwa bahati zaidi.

Nilipokuwa katika jiji la Chicago kwa kongamano la isimu, mzee mmoja mstaafu alinifunza jinsi ya kulitambua. Mabehewa ya Amtrak ni ya rangi ya fedha, yenye mistari inayolingana. La binafsi hujitenga nayo: huenda likawa la kijani kilichokolea au hudhurungi, likawa na kuba la kioo juu ya paa, au baraza ya wazi nyuma yenye ukingo wa chuma ambapo wasafiri huketi wakitazama reli ikiwakimbia. Nambari yake ya Amtrak huanza kwa 800. Na ubavuni huwa limeandikwa jina.

Hapo kwenye jina ndipo uraibu wa mzee yule ulipokutana na kazi yangu. Neno letu "behewa" lenyewe lina mafumbo yake, kwani kabla ya kupanda relini lilimaanisha ukumbi au ua wa ndani ya nyumba. Naam, matajiri wa Marekani walilielewa gari lao hivyo hivyo. Lilikuwa na sebule, vyumba vya kulala, meza ya chakula na jiko, na kama nyumba yoyote ya kifahari lilipewa jina.

Mashuhuri kupita yote ni "Ferdinand Magellan", lililoundwa na kampuni ya Pullman mnamo 1929 na kufanyiwa ukarabati mwaka 1942, likawekewa mabamba ya chuma na vioo vya kuzuia risasi kwa ajili ya Rais Franklin Roosevelt. Kwenye baraza yake ya nyuma ndipo Rais Harry Truman alipopigwa picha mwaka 1948 akiinua gazeti lililotangaza kimakosa kwamba ameshindwa uchaguzi. Leo limehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho huko Miami. Lisilojulikana sana kwetu ni kwamba lilikuwa moja kati ya mabehewa sita yaliyopewa majina ya wavumbuzi, na miongoni mwa ndugu zake yalikuwapo "David Livingstone" na "Henry Stanley". Msomaji wa Afrika Mashariki hana budi kutabasamu. Chuma na Susi, walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani baada ya kufa kwake mwaka 1873, hawakupewa behewa.

Sasa tuingie ndani. Nani alitandika vitanda, akang'arisha viatu, akaamka usiku wa manane kengele ilipolia? George Pullman, aliyeianzisha kampuni hiyo mnamo 1867, aliwaajiri wanaume weusi, wa kwanza wao wakiwa wametoka utumwani. Abiria walizoea kumwita kila mmoja wao "George", kwa desturi ile ile ya mtumwa kuitwa kwa jina la bwana wake. Hebu lipime jambo hili kwa mizani ya lugha. Jina la pekee, ambalo kazi yake ni kumtenga mtu mmoja na wengine wote, liligeuzwa kuwa nomino ya kawaida. Kinyume chake, behewa, ambalo ni chombo, lilipewa jina la pekee.

Kichekesho ni kwamba walioudhika hadharani ni pamoja na wazungu walioitwa George. Walianzisha chama mwaka 1914 kulalamika kwamba jina lao linachezewa! Kampuni ilipokubali mnamo 1926 kuweka kadi yenye jina la mtumishi katika kila behewa, ilibainika kwamba miongoni mwa wahudumu wapatao 12,000, walioitwa George kwa kweli walikuwa 362 tu. Watumishi wenyewe hawakungoja kadi. Chini ya A. Philip Randolph waliunda chama chao cha wafanyakazi mnamo Agosti 1925, na baada ya miaka 12 ya kufutwa kazi na kutishwa, wakaitia kampuni kwenye mkataba mwaka 1937.

Mwalimu anayedhani hayo ni ya Marekani tu na awapeleke wanafunzi wake kwenye Jumba la Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, wakalione behewa nambari 12. Hilo ndilo alilolala Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, pamoja na wenzake wawili, Huebner na Parenti, kwenye stesheni ya Kima mnamo Juni 1900, wakimvizia simba aliyekuwa akila watu. Simba aliingia mlangoni akamnyakua Ryall na kutoka naye dirishani. Katika kitabu chake cha 1907, Patterson anaeleza jinsi Huebner alivyourukia mlango wa pili, akaukuta umeshikwa kwa nguvu upande wa pili na watumishi waliojawa na hofu. Wazungu watatu wametajwa kwa majina. Watumishi ni watumishi tu, japo nao walikuwa humo humo, hatua chache kutoka kwa simba yule yule.

Mimi huwapa wanafunzi wangu zoezi hili: waandike upya tukio la Kima kwa kinywa cha mmoja wa walioushika mlango, na sentensi ya kwanza imtaje kwa jina. Hubishana muda mrefu juu ya jina hilo. Alikuwa Mkamba wa hapo Kima, Mswahili wa Mombasa, au Mhindi aliyeletwa kujenga reli? Wanapofika kwa simba, kengele huwa imekwisha kulia.