Mchecheto wa Fomu Wani: nyota wa shule ya msingi anapoogopa kugombea namba

Jumamosi moja ya Januari nilikwenda Tengeru kumsalimia dada yangu. Ilikuwa siku ya soko, barabara imejaa mikungu ya ndizi na kelele za makonda. Nilitegemea kukuta raba za binti yake mlangoni, maana mtoto yule ni wa uwanjani tu. Mwaka uliotangulia alichezea netiboli timu ya wilaya kwenye UMITASHUMTA, na tangu hapo hadithi nyumbani ilikuwa moja: mabao yake. Siku hiyo raba zilikuwa juu ya kabati, zimeviringishwa kwenye gazeti.

"Mama mdogo, mimi netiboli basi," akaniambia. "Kule sekondari madada wa Fomu Foo warefu kama nguzo. Nikikaribia uwanja tu tumbo linakata, mikono inalowa jasho, mpira unateleza. Nitachekwa bure."

Sikumcheka. Hadithi hiyo naijua tangu kabla hajazaliwa.

Mimi pia nilikuwa mfungaji hodari wa shule ya msingi, huku huku chini ya Mlima Meru. Nilipoingia sekondari nikaambiwa siku ya mchujo, asubuhi yenye baridi, mlima umejifunika wingu zito. Unajua nilifanya nini? Nilijifungia chooni! Nilipotoka nikamwambia matroni naumwa tumbo, na kweli lilikuwa linauma. Nikapewa Panadol na ruhusa ya kulala. Mwaka mzima nikabaki pembeni ya uwanja nikishangilia wenzangu, huku nikiwaambia watu netiboli ni mchezo wa kitoto. Muongo mkubwa mimi. Kila timu ilipopanda gari kwenda kucheza ugenini nilikuwa najisikia vibaya moyoni, lakini nilishajivika ukubwa na sikujua jinsi ya kuuvua.

Hebu fikiria kinachowapata watoto hawa. Darasa la saba wewe ndiye mkubwa, mwalimu wa michezo anakujua kwa jina, wadogo wanakubebea jezi. Miezi michache baadaye ni njuka, hakuna anayekufahamu, na namba unayoitaka ina mwenyewe. UMITASHUMTA ni ya shule za msingi, UMISSETA ni ya sekondari, na timu ya sekondari inaweza kumweka mtoto wa miaka 14 bega kwa bega na kaka wa Fomu Siksi mwenye miaka 19. Ni nani asiyeingia mchecheto hapo?

Tena mchecheto wenyewe si ugonjwa. Mwili ukihisi jambo kubwa linakuja, unamwaga homoni inayoitwa adrenalini. Moyo unaenda mbio ili misuli ipate damu, pumzi inaongezeka, na tumbo linanyimwa damu kwa muda kwa sababu mwili umeona chakula kinaweza kusubiri. Ndiyo maana linakata. Yaani mwili unajiandaa kucheza, wakati wewe umekaa chooni ukidhani unakuambia ukimbie!

Mwaka 2014 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Alison Wood Brooks, alichapisha utafiti juu ya watu wanaosubiri kutoa hotuba au kufanya mtihani wa hesabu. Waliojiambia kwamba wana hamu kubwa na jambo hilo walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia. Kutulia kwa amri ni kazi ngumu, shosti. Moyo umeshaanza kudunda, na kuuambia unyamaze ni kupoteza nguvu. Heri uuambie, "Haya, twende."

Kama mikono inatetemeka mno, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, kisha itoe taratibu kwa hesabu ya sita, mara tano au sita hivi. Kutoa pumzi polepole kunapunguza kasi ya moyo. Kula mapema, saa mbili au tatu kabla, kitu chepesi kama chai na mkate au ndizi mbivu. Usishindilie ugali na maharage halafu ukashangaa! Ila dawa kubwa ni kuuzoea uwanja wenyewe. Nenda siku moja kabla ya mchujo, rusha mpira peke yako, ongea na dada mmoja wa kikosi. Ukishamjua jina anapungua urefu.

Wengine wanasema waliozaliwa na kipaji hawachemshi. Sijui wanamsema nani. Filbert Bayi, kijana wa Karatu, alikwenda Olimpiki ya Munich mwaka 1972 akiwa na miaka 19. Alikimbia mita 1,500 na mita 3,000 kuruka viunzi na maji, akatolewa hatua ya kwanza katika zote mbili. Tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, alishika uongozi wa mita 1,500 tangu mwanzo na hakuuachia. Dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, mwenyeji John Walker yuko nyuma yake! Muda ule ulibaki rekodi ya michezo hiyo mpaka mwaka 2022. Kati ya kutolewa Munich na kushangiliwa Christchurch haikutimia hata miaka miwili.

Na ninyi wazazi, neno dogo. "Usituaibishe" si salamu ya kumuaga mtoto anayekwenda kwenye mchujo. Wala "we si ulikuwa bingwa, unaogopa nini?" Ukisema hivyo umempa wapinzani wawili, yule dada mrefu na wewe. Dada yangu alikuwa na tabia hiyo (ananisamehe, tumeshayaongea). Nilimwomba amuulize binti kitu kimoja tu akirudi: umecheza? Habari ya mabao iachwe ije yenyewe.

Binti nilimsimulia habari za choo na Panadol. Alicheka mpaka machozi. Baadaye akasimama juu ya stuli, akateremsha raba.

Jumamosi iliyofuata akanibipu kwa simu ya mama yake. Nikapiga.

"Wameniweka benchi," akasema. "Kuna Fomu Sri ananizidi kuruka. Jumanne mwalimu kasema nirudi mazoezini."

"Na tumbo?"

"Lilikata mpaka filimbi ilipolia, halafu nikalisahau. Mama mdogo, zile raba sasa zinanibana. Utakuja lini?"