Mnyama Aliyesomwa Kichwa Chini Miguu Juu

Miezi michache iliyopita rafiki yangu anayesoma jiolojia aliniletea picha moja na mistari sita ya Kifaransa. Walikuwa wanaandaa maonyesho madogo kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari, na walitaka maelezo ya kila picha yasomeke pia kwa Kiswahili. "Wewe ni mtu wa lugha," aliniambia, "kwako hii ni kazi ya dakika kumi." Ilinichukua siku tatu. Kifaransa chake hakikuwa kigumu. Kilichonikwamisha ni kiambishi kimoja cha Kiswahili.

Picha ilionyesha alama nyeusi juu ya jiwe: mstari mwembamba uliopinda, miiba mirefu upande mmoja, vitu kama nyuzi upande wa pili, na doa kubwa kwenye ncha moja. Chini yake paliandikwa Hallucigenia sparsa, jina la mnyama wa baharini aliyetoweka, aliyeishi miaka milioni 508 hivi iliyopita. Je, niandike "kimelala" au "amelala"? Kifaransa kinasema il kwa kisukuku na kwa mnyama, kisha kinaendelea na safari yake. Kiswahili kinanidai nichague. Kisukuku kimelala, mnyama amelala. Nikiandika ki- ninasema kile ambacho jicho linakiona juu ya jiwe. Nikiandika a- nimekwisha kuamua kwamba alama ile ni kiumbe, tena kiumbe mwenye mbele na nyuma, mgongo na tumbo. Nilipoanza kusoma habari za mnyama huyu niligundua kwamba historia yake yote imo katika hatua hiyo moja, ya kutoka ki- kwenda a-.

Jiwe lenyewe linatoka Kanada, katika milima ya British Columbia, mahali panapoitwa Burgess Shale. Leo ni juu sana, zaidi ya meta 2,000, lakini zamani hizo palikuwa chini ya bahari. Mnyama mwenye mwili mwororo, asiye na mfupa wala gamba gumu, kwa kawaida haachi alama: anaoza na kwisha kabla mwamba haujafanyika. Huko Burgess matope laini yaliporomoka na kuwafunika wanyama kwa ghafla, na baada ya muda mrefu yakageuka kuwa jiwe la tabaka nyembamba. Ukilipasua jiwe hilo vizuri, kati ya tabaka mbili unaikuta alama ya mwili mzima, imebanwa kama jani lililosahauliwa ndani ya kitabu.

Charles Doolittle Walcott, aliyekuwa mkuu wa Smithsonian Institution ya Washington, aliyafikia mawe hayo mwaka 1909. Mwaka 1911 alimweleza mnyama wetu kama mnyoo wa bahari, akamtia katika ukoo wa Canadia. Aliona miiba, na wapo minyoo ya bahari yenye vinywele vigumu, basi akasoma mnyoo. Sisi pia hufanya hivyo tukikutana na neno tusilolijua: tunalisukuma ndani ya neno tunalolijua.

Mwaka 1977 Mwingereza Simon Conway Morris alilisoma upya jiwe lile, akaona kwamba si mnyoo wa aina ile hata kidogo. Alihesabu jozi saba za miiba, na upande wa pili safu moja ya nyuzi laini. Kwa kuwa miiba ilikuwa katika jozi, aliifanya kuwa miguu. Nyuzi, kwa kuwa zilionekana safu moja tu, alizipanga juu ya mgongo. Doa kubwa la kwenye ncha akaliona kuwa huenda ni kichwa. Ndipo akatokea mnyama anayesimama juu ya miiba kama mtu aliyepanda mironjo, huku nyuzi zikipepea juu yake. Kiumbe wa namna hiyo hakufanana na yeyote aliye hai, na Conway Morris akampa jina linalotokana na neno la Kilatini la akili kutangatanga na kuona yasiyokuwapo. Kwa Kiswahili tungeweza kumwita mnyama wa njozi.

Naomba tusimcheke. Sura ile haikubuniwa tu. Kila kipande chake kilikuwapo juu ya jiwe. Kosa lilikuwa katika mpangilio: kipi kiko juu, kipi kiko chini, wapi ni mwanzo. Jiwe halikuandika mambo hayo.

Sahihisho lilitoka mbali, huko Chengjiang katika jimbo la Yunnan, China, kwenye visukuku vikubwa zaidi kwa umri kuliko vya Burgess. Huko walipatikana wanyama wenye mwili mrefu mwororo, wenye miguu laini katika jozi, na sehemu ngumu juu ya mgongo, juu ya kila jozi ya miguu. Mwaka 1991 Lars Ramsköld wa Sweden na Hou Xianguang wa China waliwalinganisha na mnyama wa njozi, wakamgeuza. Miiba ilikuwa mgongoni, labda kwa kujikinga. Nyuzi ndizo zilizokuwa miguu.

Lakini miguu hutembea kwa jozi, na juu ya jiwe safu moja tu ndiyo iliyoonekana. Hapa mwanafunzi wa lugha za Kibantu anaweza kutabasamu, maana anaijua kazi hii. Chukua maneno mawili ya Kiswahili, mvua na njaa. Ukiyatazama peke yake, huoni upungufu wowote. Yaweke kando ya ndugu zake: Ciluba na Kikongo husema mvula, Lingala husema mbula, na kwa njaa, zote tatu husema nzala. Sasa unajua kwamba katika neno la Kiswahili palikuwa na konsonanti iliyoanguka, ingawa neno lenyewe halikuonyeshi hata kovu. Ndugu ndiye anayetoa ushahidi juu ya kilichopotea kwa ndugu yake. Ramsköld alikuwa na bahati ambayo sisi hatuipati mara nyingi. Alirudi kwenye kisukuku chenyewe, akachimba taratibu katika jiwe, na mwaka 1992 akatangaza kwamba safu ya pili ya miguu imo, ilikuwa imefunikwa. Ni kama mtu apasue neno mvua na kuikuta l imelala ndani.

Likabaki swali la kichwa. Mnyama sasa alisimama vizuri, lakini watu hawakukubaliana anaelekea wapi. Mwaka 2015 Martin Smith na Jean-Bernard Caron walichapisha matokeo ya kuvichunguza visukuku vingi kwa hadubini ya elektroni. Kwenye ncha ile nyembamba, ambayo Conway Morris aliiona kuwa nyuma, walikuta macho mawili madogo, mdomo uliozungukwa na duara la vipande vigumu, na meno madogo yaliyochongoka katika koo. Na lile doa kubwa? Halikuwa kiungo chochote cha mwili. Lilikuwa majimaji ya mwili unaooza, yaliyokamuliwa nje kwa nyuma mnyama alipobanwa na matope. Kwa hiyo mnyama huyu, ambaye hata akinyooka hazidi urefu wa kidole, alikuwa amesomwa kichwa chini miguu juu, na vilevile nyuma mbele. Tena kilichoonekana wazi kuliko vyote juu ya jiwe, yaani doa, ndicho kilichokuwa na maana ndogo kuliko vyote.

Hapo niliweka karatasi chini, kwa sababu doa langu mwenyewe lilinijia.

Kazi yangu ya kumaliza masomo ilihusu hadithi moja aliyoiandika marehemu babu yangu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli huko Kalemie. Ilikuwa katika karatasi sita zilizotoka kwenye daftari, hazikuwa na namba. Moja ilikuwa na doa kubwa la mafuta na maneno ya salamu yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Niliifanya kuwa ya kwanza. Nani asingefanya hivyo? Salamu huja mwanzoni. Nikazipanga nyingine kwa kuifuata hiyo, nikapata hadithi ya mvuvi aliyekuwa na mali, akaipoteza kidogo kidogo, hadi akabaki ameketi ufukweni bila wavu. Sura yangu ya tatu yote inaeleza jinsi hadithi za ziwani zinavyomwadhibu mwenye tamaa. Niliitetea, nikasifiwa, na nakala iko maktabani.

Siku ile ya tatu ya kutafsiri nilimpigia simu shangazi yangu aliyeko Kalemie, nikamwomba anisimulie hadithi ya mvuvi kama baba yake alivyokuwa akiisimulia. Alianza na mvuvi aliyeketi ufukweni bila wavu. Alimaliza na salamu: mvuvi aliyekwisha kupata anawasalimia wale waliomcheka. Nilinyamaza kwenye simu mpaka akaniuliza, "Mwanangu, ungali hapo?"

Hadithi niliyoipindua ilikuwa inatembea, kama mnyama wa 1977 alivyotembea juu ya miiba yake. Ilikuwa na mafunzo yake na mwisho wenye uzito. Kueleweka hakukuithibitisha. Nilikuwa nimetoka ki- kwenda a- bila kumwambia msomaji: niliandika "hadithi inaanza" mahali nilipopaswa kuandika "karatasi hazina namba, nimechagua kuanza na hii, kwa sababu hii". Sentensi hiyo ingemwachia msomaji mlango wa kunisahihisha.

Kuna jambo jingine nililojifunza kwa mnyama huyu. Jina halirekebishwi. Leo anajulikana kuwa karibu na ukoo wa onikofora, wanyama wororo wenye miguu mifupi minene na kucha ndogo, ambao wangali hai chini ya magogo yaliyooza katika misitu yenye unyevu, hata Gabon na Afrika Kusini. Kucha zake zimejengwa kwa vipande vilivyopachikana kimoja ndani ya kingine, kama kucha na taya zao. Si njozi tena, ana ndugu. Lakini jina Hallucigenia limebaki, na kila anayelitamka anabeba kosa la kwanza mdomoni. Ndiyo maana nami nina wasiwasi na sura yangu ya tatu: kilichokwisha kupewa jina na kuwekwa maktabani hudumu kuliko sahihisho lake.

Maelezo niliyompa rafiki yangu yanasema hivi: "Kisukuku hiki kina jozi saba za miiba na doa kwenye ncha moja. Wataalamu wa leo wanaona kwamba mnyama huyu alibeba miiba mgongoni, alitembea kwa miguu laini, na doa ni majimaji yaliyomtoka." Sentensi ya kwanza ni ya ki-, ya pili ni ya a-, na nukta iko katikati yao. Alisema ni marefu kidogo, akayabandika.

Kwa upande wangu, nimeandika ukurasa mmoja wa masahihisho, nikampelekea mwalimu aliyeniongoza, naye amekubali ubandikwe ndani ya nakala ya maktaba. Najua wenzetu wawili wa mwaka wa tatu wameitaja sura ile katika kazi zao. Nawaomba waje tuzungumze kabla hawajatetea. Karatasi sita ninazo, na safari hii nitaziweka mezani bila kuzipanga.